Saladi, mchicha, matembele au nderema: upande mboga ipi kwenye joto la pwani?

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hushinda kwenye nyuzi 31 hadi 33 mchana, na usiku haushuki sana chini ya 24 au 25. Usiku huo ndio wa kuangaliwa kwanza. Mboga nyingi huvumilia mchana mkali zikipata nafasi ya kupoa usiku; usiku usipopoa, saladi hukimbilia maua na majani yake huwa machungu. Ndiyo maana saladi ile ile inayofunga vizuri Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ikiletwa Kigamboni mwezi wa Januari hurefuka shina na kuharibika.

Hii haina maana kwamba pwani haifai kwa saladi. Maana yake ni kwamba anayetaka majani ya kijani mwaka mzima ana mboga kadhaa za kuchagua, na kila moja humshinda mkulima mahali pake. Saladi humshinda kwenye mbegu na kwenye wiki mbili za mwisho. Mchicha humshinda kwenye maji na kuchelewa kuvuna. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, humshinda kwenye marando anayoanzia. Nderema, mboga itambaayo yenye majani manono, humshinda kwenye subira. Ukijua pa kuwa macho, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Sukuma wiki na chainizi tumeziacha nje kwa makusudi. Pwani zinalimika, lakini vidukari na viwavi huziandama joto likipanda, na hesabu yake ni ya dawa kuliko ya joto.

Vigezo

Zote nne tutazipima kwa mambo yale yale: zinavyoanza, zinavyokaa joto likikolea, maji na chumvi, maradhi na wadudu, muda na wingi wa mavuno, kisha mlaji na soko. Kama kisima chako ni cha maji chumvi, au unategemea maji ya kununua kwa dumu, soma sehemu ya maji kwanza. Hapo ndipo uamuzi wako ulipo.

Kuanza: mbegu na marando

Hapa ndipo saladi inapowaangusha wengi, na muuza mbegu hulaumiwa bure. Mbegu ya saladi huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 15 hadi 22. Ukipita 27 hivi, aina nyingi huanza kugoma. Ukifika 30, pakiti nzima yaweza kukaa ardhini bila kuchomoza hata mche mmoja. Mbegu haijafa, imelala. Na ikishalazwa na joto yaweza kuendelea kulala hata udongo ukija kupoa baadaye. Saa 12 hadi 24 za kwanza tangu inywe maji ndizo zinazoamua.

Njia ya uhakika ni friji. Chukua kopo lenye kifuniko, tandaza ndani tishu iliyoloweshwa na kukamuliwa, nyunyiza mbegu juu yake, kisha weka kwenye rafu ya chini ya friji (si kwenye friza) kwa siku 3 hadi 4. Itoe jioni, kama saa 11 au 12, uisie papo hapo kwenye trei iliyo kivulini, ili saa za mwanzo ziangukie usiku. Usiiache ikauke njiani. Ifunike kwa mboji iliyochekechwa au mchanga laini, unene wa nusu sentimita au pungufu, kwa sababu mbegu nyingi za saladi huhitaji mwanga ili ziote. Ukiifukia sentimita mbili umeizika. Asiye na friji aifunge mbegu kwenye kitambaa kibichi na kukibandika ubavuni mwa mtungi wa maji, mahali penye upepo na kivuli. Pwani hewa imejaa unyevu, kwa hiyo mtungi hupunguza nyuzi chache tu, lakini hizo chache ndizo unazozitafuta. Sehemu kavu kama Dodoma mtungi hufanya kazi vizuri zaidi.

Miche ikae kitaluni wiki 3 hadi 4, ihamishwe ikiwa na majani 4 au 5, jioni, na kivuli kiwe kimeshasimamishwa kabla ya mche wa kwanza kuingia tutani.

Mchicha hauna shida hiyo hata kidogo. Udongo wenye joto ndio unaoutaka, na ndani ya siku 3 hadi 5 umechomoza. Shida yake ni udogo wa mbegu. Ukimwaga kwa kiganja, upande mmoja utaota kama zulia na mwingine utabaki mtupu. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, utawanye kwenye mita 4 za mraba, usugue udongo kidogo kwa mkono, kisha mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Maji ya kumwaga kwa ndoo huzisomba mbegu zote hadi pembeni mwa tuta.

Matembele hayanunuliwi kwa pakiti. Kata marando ya sentimita 25 hadi 30 kutoka ncha za mimea yenye afya, toa majani ya chini, fukia pingili tatu, acha ncha nje. Ukiyaweka kivulini siku moja au mbili yakiwa yamefungwa kwa gunia lenye unyevunyevu, vijizizi vyeupe huanza kutokeza kwenye pingili na marando hushika haraka yakipandwa. Chagua kwa macho makali: rando lenye majani madogo, yaliyojikunja na kupauka lina virusi, na virusi hivyo vitakaa shambani kwako muda wote mmea utakapokuwepo. Hakuna dawa ya kuvitoa.

Nderema ina mbegu ngumu ya mviringo. Isugue kidogo kwa msasa, iloweke usiku kucha katika maji ya uvuguvugu, na hata hivyo yaweza kuchukua wiki moja hadi tatu. Ukipata jirani mwenye nderema, omba kipande cha shina cha sentimita 20. Hutoa mizizi upesi kuliko mbegu inavyoota.

Joto likikolea

Mchicha ni wa kundi moja na mahindi, mtama na muwa katika namna ya kutumia jua: mimea hiyo husanisi chakula kwa njia inayoitwa C4, ambayo haipotezi nguvu kwenye joto kali kama ya mimea mingine. Kwa hiyo jua la saa 7 mchana linaloilaza saladi ndilo linaloukuza mchicha. Ukiuweka chini ya neti unakonda. Kinachouponza ni kiu na msongamano: ukikosa maji siku mbili tatu au ukibanana, hutoa mashuke ungali mfupi, na majani hubaki madogo na makavu.

Matembele na nderema hustahimili jua kali na pia kivuli chepesi. Chini ya minazi, mahali ambapo mchicha hunyong'onyea, hizi mbili huendelea. Hilo ni jambo kubwa kwa mwenye uwanja wa miti ya kivuli.

Saladi inahitaji kazi. Kwanza aina. Aina inayopatikana kwa urahisi madukani ni Great Lakes, ambayo hufunga kichwa. Miongoni mwa saladi za kufunga ina sifa ya kuvumilia joto, lakini bado hudai usiku wa baridi ili ifunge, na wengi huishia na majani makubwa yasiyokaa pamoja na moyo uliooza. Pwani tafuta za kundi la Batavia (saladi zinazofunga nusu tu, zenye majani magumu kidogo), au za majani yasiyofunga, au Jericho, saladi ndefu iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya joto. Anuenue, iliyotoka Chuo Kikuu cha Hawaii, nayo ni ya kundi la Batavia na hufaa ukiipata.

Pili kivuli. Neti inayozuia asilimia 40 hadi 50 ya mwanga inatosha. Ukizidisha, miche hurefuka ikitafuta mwanga na kuwa laini mno. Isimamishe kwa urefu wa mita 2 ili upepo upite, kwani neti iliyolala karibu na majani hukusanya joto. Makuti yaliyopangwa kwa kuacha nafasi ya kiganja kati ya kuti na kuti hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo. Upande wa magharibi ukingwe zaidi, kwa sababu jua la alasiri ndilo linalounguza. Udongo nao ufunikwe kwa nyasi kavu au makumbi yaliyochambuliwa, unene wa vidole vitatu. Mchanga mtupu juani hupita nyuzi 40 kwa urahisi, na mizizi mingi ya saladi iko hapo juu juu.

Tatu, na hili ndilo watu husahau, uvune mapema. Saladi inayojiandaa kutoa maua hujitangaza: moyo huanza kunyanyuka, majani mapya huwa membamba yenye ncha, na ukivunja jani chini kwenye kikonyo hutoka matone ya utomvu mweupe mzito. Utomvu huo ndio wenye uchungu. Onja jani moja kila asubuhi kuanzia wiki ya tatu baada ya kupandikiza. Siku ulimi unapoonja uchungu wa mbali, vuna tuta zima siku hiyo, kesho hautapungua.

Maji na chumvi

Wakati wa kaskazi, tuta lililoshiba majani hupoteza kama lita 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Keni ya lita 10 ni ya mita mbili za mraba. Saladi huhitaji kiasi hicho kigawanywe, asubuhi na alasiri, maana mizizi yake haiendi chini kutafuta. Ukiacha udongo ukauke kisha ukaufurisha, kingo za majani ya ndani huungua na kuwa za kahawia. Si ugonjwa: madini ya kalisi hayakufika kwenye majani machanga kwa kuwa maji hayakuwa yanapanda sawasawa.

Mchicha hunywa maji mengi pia lakini mara moja kwa siku inautosha ukishashika. Matembele yakishapita wiki mbili huvumilia kiu kuliko yote. Yatanyauka mchana na kuinuka usiku, ingawa mavuno hupungua. Nderema ina majani manono yanayohifadhi maji, hivyo haifi upesi, lakini ikikaukiwa hutoa maua na majani yake huwa madogo.

Kuhusu chumvi: visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, hasa mwishoni mwa kiangazi. Saladi huyachukia. Mchicha ndio unaoyavumilia zaidi kati ya hizi nne, na matembele yanakaribia saladi kwa udhaifu kuliko watu wanavyodhani. Ukiona kingo za majani ya zamani zinaungua na ukoko mweupe unatanda juu ya udongo, usihangaike na mbolea; badili chanzo cha maji au panda mchicha.

Maradhi na wadudu

Miche michanga ya saladi na mchicha hufa kwa kinyausi: shingo ya mche hulegea usawa wa udongo na mche hulala chini kama umekatwa. Husababishwa na usiaji wa kubanana, maji ya jioni na mboji isiyoiva. Mwagilia asubuhi na upunguze miche mapema.

Mchicha ukishakua, angalia viwavi wanaokunja majani kwa utando, na wakati wa masika kutu nyeupe chini ya majani. Ukivuna kwa kung'oa katika wiki ya nne, mara nyingi unawatangulia. Matembele husumbuliwa zaidi na inzi weupe kwa sababu ndio wanaosambaza virusi. Ng'oa mmea mgonjwa na mizizi yake siku unayouona. Nderema hupata madoadoa yenye kingo nyekundu, yanayotisha kuliko yanavyodhuru, chuma majani hayo uyatoe shambani. Kwenye mchanga wa pwani, minyoo fundo huishambulia nderema na saladi: ukikuta mizizi ina vinundu, usirudishie mboga hizo hapo msimu unaofuata.

Masika ni habari nyingine kwa saladi. Mvua huirushia mchanga hadi moyoni na majani ya chini huoza. Matembele na nderema hufurahia mvua hiyo hiyo.

Mavuno

Kwa zote, ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri inatosha mita 3 za mraba kabla ya kupanda. Ya kuku, nusu yake. Mengine ni haya:

| Mboga | Nafasi | Mavuno ya kwanza | Huendelea |
|---|---|---|---|
| Saladi ya majani | sm 25 × 25 | siku 30 hadi 45 baada ya kupandikiza. Majani machanga siku 25 hadi 30 tangu kusia | kwenye joto, mkato mmoja au miwili zaidi |
| Mchicha | kutawanya, au sm 20 × 20 kwa kukata | wiki 3 hadi 4 | ukikatwa sm 15 juu ya ardhi, kila wiki 2 kwa miezi 2 hivi |
| Matembele | sm 30 × 25 | wiki 4 hadi 6 | kila siku 10 hadi 14, hadi mwaka |
| Nderema | sm 40, kwenye miti ya mita 2 | wiki 8 hadi 10 | kila wiki, miezi mingi |

Matembele yanayochumwa mfululizo yanahitaji kulishwa: tandaza samadi kidogo kila mwezi, la sivyo ncha hukonda. Na usitegemee viazi vikubwa kutoka tuta unalolichuma majani kila wiki mbili. Saladi ivunwe alfajiri kabla jua halijagusa majani, itumbukizwe kwenye maji safi ya baridi, ikung'utwe, ihifadhiwe kivulini. Iliyokatwa saa 5 asubuhi hufika kwa mnunuzi imelala.

Mlaji na soko

Saladi huliwa mbichi, na hilo linabadilisha kila kitu kuhusu maji. Maji ya mto unaopita mjini au ya mtaro yasiiguse saladi kabisa. Mchicha, matembele na nderema hupikwa, na moto huua vijidudu, lakini hauondoi metali nzito zilizomo kwenye maji ya viwandani. Kwa hiyo hata hizo hazistahili maji ya mtaro.

Soko la saladi ni hoteli na migahawa, nao hutaka kiasi kile kile kila wiki. Ukikosa wiki mbili za Februari umempoteza mteja. Mchicha na matembele vinauzika kwa mafungu kwenye genge lolote, bei ndogo, lakini pesa ya siku hiyo hiyo. Nderema magharibi mwa Kenya inajulikana vizuri sana. Pwani wateja wengine huiogopa kwa utelezi wake. Anayependa mlenda hana shida nayo. Kwa lishe, mboga hizo tatu za kupikwa huishinda saladi katika madini ya chuma, ingawa mwenye historia ya mawe ya figo aulize daktari kuhusu kula mchicha na nderema mara kwa mara.

Inamfaa nani

Saladi inamfaa mwenye maji baridi (yasiyo chumvi) ya uhakika, kivuli na mnunuzi aliyekubaliana naye kabla ya kusia. Mchicha unamfaa anayetaka pesa au mboga ndani ya mwezi, mwenye jua la wazi na mkono wa kumwagilia kila siku. Matembele yanamfaa mwenye muda mchache na mtaji mdogo. Nderema inamfaa mwenye eneo dogo lenye ukuta au uzio wa kupandishia, anayetaka mboga ya nyumbani isiyokatika.

Kulingana na hali yako

Kama ni Mei hadi Agosti, kusi inavuma na usiku Dar es Salaam unashuka hadi karibu nyuzi 19 au 20: huu ndio wakati wa saladi. Anza kusia mvua za masika zikipungua, na kitalu cha mwisho kiwe mwishoni mwa Agosti ili uvune kabla ya joto la Novemba.

Kama ni Desemba hadi Machi na mteja bado anataka saladi, usisubiri ikue. Sia kwa wingi chini ya neti, kata majani machanga siku ya 25 hadi 30, na sia tuta jipya kila wiki ili usikatikiwe.

Kama maji yako ni ya chumvichumvi, anza na mchicha kwenye tuta moja dogo uone kingo za majani zinasemaje kabla ya kupanda shamba zima.

Kama maji yako ni ya kununua, matembele chini ya matandazo mazito, na mchicha kidogo wa kung'oa wakati wa vuli na masika.

Kama eneo lako limefunikwa na minazi au mwembe, gawanya: matembele chini, nderema kwenye uzio.

Kama una mita 10 tu za mraba nyuma ya nyumba na unataka mboga isikatike mwaka mzima, tenga 4 za matembele, 3 za mchicha unaosiwa mita moja kila wiki, mita 1 ya nderema ukutani, na 2 zilizobaki ziwe za saladi kipindi cha kusi. Kaskazi ikirudi, zigeuze kuwa za mchicha. Marando ya matembele yabadilishwe kila baada ya mwaka, na uyakate kwenye mimea uliyoiwekea alama mapema kuwa haijawahi kuonyesha jani lililojikunja.